Wazazi ndio waliopigania haki hii

Asante kwa makala. Ila mmeandika kana kwamba watoto wenye ADHD (hali ya kutotulia na kushindwa kukaza makini) hapa Marekani walipewa haki zao shuleni kwa hisani ya serikali tu. Hapana. CHADD, shirika la kutetea watu wenye ADHD, lilianzishwa mwaka 1987 huko Florida na wazazi pamoja na wanasaikolojia. Wao na wenzao walipaza sauti hadi Wizara ya Elimu ikatoa waraka mwaka 1991 ukifafanua kuwa watoto hawa wanaweza kustahili elimu maalumu. Mwaka 1999 ADHD ikatajwa waziwazi kwenye kanuni zenyewe za elimu maalumu.

Nasema haya kama mama. Mwanangu anakaa dawati la mbele, mbali na dirisha, anaongezewa muda wa mtihani, na mwalimu humwandikia kazi ya nyumbani hatua kwa hatua. Ni mambo madogo, lakini siku hizi anamaliza hesabu zake bila machozi. Mzazi mwenzangu ndiye aliyenifundisha kuomba tathmini kwa maandishi, maana ombi la mdomo hupotea hivihivi.

Waswahili wenzangu mlioko huku, tusifiche watoto kwa kuogopa maneno ya watu, wala tusiwachape wakiambiwa hawatulii. ADHD haisababishwi na malezi mabaya. Inahusu ubongo, na mara nyingi hurithiwa. Nendeni kwenye vikao vya shule. Kiingereza kikiwapa shida, ombeni mkalimani. Shule inapaswa kumtoa bila malipo, na si kazi ya mtoto kumtafsiria mzazi wake.