Wanaolala Jirani na Tembo Wapewe Kura

Huku Uholanzi ninakoishi, maji yalianza kuunda utawala kabla ya wafalme. Karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, na tuta moja la kuzuia maji likizembewa, bonde zima linazama. Kwa hiyo tangu karne ya 13 watu wa mabondeni walilazimika kukaa pamoja, wakapangiana kazi ya kukarabati matuta, wakachangishana na kumtoza faini mzembe. Mabaraza hayo, waterschap kama wanavyoyaita, yangalipo. Lile la Rijnland lilitambuliwa kwa hati ya mtawala wa Holland mwaka 1255. Leo yamebaki 21, kila moja lina kodi yake, na uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka 4. Mimi si raia, bunge silipigii kura. Baraza la maji ninalipigia, kwa sababu naishi bondeni na kodi yake nailipa.

Mabaraza hayo huajiri hata wategaji wa panya. Yupo panya wa majini, muskusrat, aliyeletwa Ulaya kutoka Amerika Kaskazini kwa ajili ya manyoya yake. Huchimba mashimo ndani ya matuta mpaka yanadhoofika. Wategaji wake wanalipwa mshahara kutokana na kodi yetu, na sera ya kupambana naye hujadiliwa na wajumbe tuliowachagua wenyewe.

Kwetu Liwale, kusini mwa Tanzania, nako mipaka imechorwa na wanyama, ila hakuna aliyetuuliza. Wajerumani walitunga sheria ya wanyamapori mwaka 1896 na kutenga mapori ya kwanza, Rufiji likiwamo. Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata vikapunguza watu, vichaka vikarudi, na mbung'o nao. Miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza ikawahamisha Wangindo wengi, sababu iliyotajwa ikiwa malale, na ardhi waliyoiacha ikaingia Pori la Akiba la Selous. Wazee wetu bado wanayataja mahame hayo kwa majina, ukoo kwa ukoo. Siwezi kuliita pori hilo ardhi isiyo na wenyewe, hata ramani iseme nini.

Baada ya uhuru mipaka ile tuliirithi. Sipingi uhifadhi. Tamko la Mwalimu la Arusha la mwaka 1961, kwamba wanyamapori ni dhamana tuliyokabidhiwa, naliheshimu kwa dhati. Lakini dhamana hiyo nani anailinda usiku? Ni mama aliye juu ya dungu anaamia mahindi, anapiga debe, watoto wamelala chini ya moshi wa pilipili. Tembo wakishamaliza shamba, anaandika maombi ya kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoliwa, na kuanza kusubiri. Akiuawa mtu, familia inaomba kifuta machozi. Viwango vimeshapangwa na watu wasiowahi kulala kwenye dungu.

Mnyama huyumbisha siasa hata huku. Mwaka 2019 mahakama ilibana vibali vinavyoongeza nitrojeni, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye samadi ya mifugo, na wafugaji wakajaza barabara kwa matrekta. Madai yao mengine siyaungi mkono. Lakini hasira yao ilipata mlango: mwaka 2023 chama chao, BBB, kilipata viti 16 kati ya 75 vya Seneti. Mkulima wa Liwale aliyepoteza ekari zake za mpunga aende mlango upi?

Tunayo mbegu tayari, Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, yaani vijiji vilivyoungana kutunza wanyama kwenye ardhi yao, na Liwale tuna Magingo. Tatizo ni kwamba mapato ya uwindaji wa kitalii hupitia serikalini kwanza, kisha jumuiya inangoja mgawo. Nataka jumuiya hizo ziwe na meno ya waterschap: zikusanye tozo zenyewe, ziajiri askari wake, zilipe fidia ndani ya msimu uleule wa mavuno.

Wapo watakaosema wanakijiji wakipewa mamlaka watawamaliza tembo. Hao tembo wamefika leo wakiwa hai mikononi mwa nani, kama si watu walewale wanaoamia usiku kucha? Wachaguliwe wajumbe kutoka vijiji vinavyopakana na pori, wasimamie mapato na fidia hadharani, na wakizembea waondolewe kwa kura za hao hao waliowaweka.