Fundi, usifute diski ya mtu kabla ya kumuuliza

Wiki iliyopita mpwa wangu alishuka kwenye basi la Kampala hapa Arua akiwa amepakata laptopu yake mikononi. Alivuka nayo daraja la Pakwach ikiwa imezimwa, kwa sababu nilimsihi kwenye simu: izime, usiiwashe tena, usimpe mtu mwingine yeyote. Alikuwa amempelekea fundi mmoja huko mjini amwekee Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kando ya Windows. Jioni ileile akarudishiwa mashine yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, peke yake. Windows haimo. Mahojiano 31 aliyorekodi na akina mama wa sokoni kwa ajili ya utafiti wake, mengine kwa Kilugbara, mengine kwa Kiswahili, nayo hayamo.

Nilimuuliza, "Fundi alitaka kujua kama una nakala?"

"Hapana, mjomba. Aliuliza neno la siri tu."

Tangu siku hiyo sijatulia. Neno kufomati limekuwa dawa ya kila ugonjwa. Laptopu ikiwa nzito, wanafomati. Ikiingia kirusi, wanafomati. Na sasa mtu anaomba kuongezewa mfumo wa pili, nao wanafomati! Mtu anayemmegea mwanawe kipande cha shamba hachomi nyumba iliyosimama humo. Windows yenyewe ina chombo cha kupunguza patisheni ya C, yaani kile kipande cha diski inamokaa Windows, bila kugusa faili hata moja. Unapunguza giga 40 au 50, unaziacha wazi, unawasha mashine kwa flashi yenye Linux, na kwenye hatua ya diski unaliacha lile chaguo la kufuta kila kitu. Unachagua kupanga mwenyewe, unaiweka Linux kwenye nafasi uliyoiacha wazi, basi. Ukiwasha tena, menyu ya GRUB inakuuliza unataka kuingia wapi.

Lazima nikubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba fundi yule alikutana na kikwazo cha kweli. Mashine ni HP ya enzi za Windows 7, iliyopandishwa baadaye hadi Windows 10. Kama HP nyingi za wakati ule, ilitoka kiwandani na patisheni nne: SYSTEM, C, RECOVERY na HP_TOOLS. Jedwali la MBR, ile orodha ya kizamani ya vipande vya diski, lina nafasi nne tu za patisheni kuu. Ukipunguza C, nafasi inayopatikana inaonekana lakini haitumiki, kwa kuwa ya tano haiandikiki. Wenye mashine mpya zenye GPT, jedwali la kisasa, hawalijui tatizo hili, maana wana nafasi 128. Kwa hiyo naelewa alipokwama. Lakini njia ilikuwepo! HP_TOOLS ni kipande kidogo cha kama mega 100. Unakinakili kwenye flashi, unakifuta, na nafasi yake kwenye jedwali unaipa patisheni tandavu, ambayo ndani yake unaweza kugawa vipande kadhaa. Linux haina shida kukaa humo, kipande chake kinaandikwa sda5 na maisha yanaendelea. Kazi hiyo ni ya dakika chache kwa mtu anayejua, na asiyejua angempigia mwenye mashine simu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sikasirishwi na kufuta. Zipo siku diski lazima ifutwe yote, jedwali libadilishwe kuwa GPT, kila kitu kianze upya. Nakasirishwa na kufuta bila kuuliza, bila kunakili. Faili za mteja si uchafu wa mashine. Mashine inanunulika tena, lakini kati ya akina mama wale 31 kuna mmoja aliyesharudi Sudan Kusini, na simu yake haipatikani. Utamrekodi wapi tena?

Basi kunakili kwenyewe kufanywe kwa heshima. Nimeona mafundi wanaohamishia faili kwenye D, kisha wanafuta diski nzima na D ikiwa humohumo! D hiyo si diski nyingine, ni kipande kingine cha diski ileile. Nakala ni ile iliyo kwenye kifaa unachoweza kukichomoa ukakiweka mezani. Ikishahamia huko, hesabu: faili ngapi huku, ngapi kule, giga ngapi huku, ngapi kule. Fungua tano au sita, picha moja, hati moja, sauti moja, uone kama zinafunguka. Usisahau Downloads, kwa sababu watu wetu wanaweka maisha yao yote Downloads. Kisha mwite mwenyewe atazame kwa macho yake na aseme ndiyo. Baada ya hapo, fundi, futa ukipenda.

Mtaniambia wateja wenyewe wanakuja bila diski ya nje na wanataka mashine saa hiyohiyo. Ni kweli, na mpwa wangu naye nimemwambia. Lakini mwenye ujuzi ndiye anayejua hatari ilipo, kwa hiyo yeye ndiye wa kusema kwanza.

Mengine nayataja haraka. Zima kile kipengele cha Windows cha kuwaka upesi, la sivyo Linux itakataa kuandika kwenye C. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, pata kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48. Usiisogeze patisheni betri ikiwa imekufa, umeme wetu mnaujua. Na Windows ikianza kuonyesha saa tatu nyuma, usibadilishe betri ya ubao: Linux inaweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Amri ya timedatectl inamaliza hilo.

Nasisitiza haya sasa kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi mikononi mwetu hazina TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11. Watu wengi watakuja kuomba Linux. Naipenda Linux, naitumia kila siku, na inaniuma mtu akutane nayo mara ya kwanza kama kitu kilichomla kazi yake.

Diski ya mpwa wangu ilikuwa ya zamani, ile inayozunguka. Kwenye SSD, diski mpya zisizozunguka, huenda nisingekuta kitu, maana amri ya TRIM husafisha vilivyofutwa. Niliitoa, nikaiunganisha kwenye kompyuta yangu bila kuandika chochote juu yake, nikaiachia PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, usiku kucha. Sauti nyingi zilirudi, lakini majina yalipotea. Kila faili inaanza na herufi f, kisha tarakimu tupu. Mtoto ameketi barazani na daftari, anasikiliza moja baada ya nyingine mpaka aitambue sauti ya mama, ndipo anaandika jina lake. Jana usiku alifika ya 19. Mbili zimekatika katikati ya sentensi.