Godoro la Kambini la Laki Sita: Unanunua Joto au Unanunua Wepesi?

Mtu anayejiandaa kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza huuliza kuhusu koti, viatu na mfuko wa kulalia, na godoro hulikumbuka mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Hapo ndipo anapokutana na bei ya kumshtua. Kipande cha nailoni cha kujaza upepo, chenye uzito usiofikia nusu kilo, kinauzwa huko kinakotoka kati ya dola 200 na 250 za Marekani, yaani kama laki sita za Kitanzania kabla hujahesabu usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Wapo wanaoapa kwamba bila godoro la namna hiyo mlima haupandiki kwa raha, na wapo waliolala juu ya sponji nyembamba miaka yote na wanaouona ununuzi huo kuwa ufahari mtupu. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini sehemu hizo hazilingani.

Tuanze na kazi ya kitu chenyewe, kwa sababu wengi hudhani godoro la kambini ni la kulainisha mawe. Kulainisha mawe ni kazi yake ya pili. Mfuko wa kulalia hutunza joto kwa kushika hewa iliyotulia ndani ya manyoya ya bata au nyuzi zake, lakini sehemu iliyo chini ya mgongo hubanwa na uzito wa mwili mpaka ikawa nyembamba kama shuka, na hewa yote ikatoka. Kuanzia hapo kilichobaki kati ya mgongo na ardhi ni godoro peke yake. Ndiyo maana mtu anaweza kulala ndani ya mfuko ulioandikwa kwamba unafaa kwa nyuzi 10 chini ya sifuri na bado akaamka akitetemeka, kifua kikiwa na joto na kiuno kikiwa barafu. Hata hizo nyuzi zinazoandikwa kwenye mifuko hupimwa kwa sanamu iliyolazwa juu ya godoro lenye kinga, kwa hiyo anayelala juu ya turubai tupu asiulaumu mfuko.

Uwezo wa godoro kuzuia joto hutajwa kwa kipimo kiitwacho R: namba ikipanda, joto linalopenya hadi ardhini hupungua. Kwa miaka mingi kila kiwanda kilijipimia kivyake na kujisifia kivyake, mpaka mwaka 2018 ulipotolewa utaratibu mmoja wa shirika la viwango la ASTM la Marekani, ambao huweka godoro kati ya bamba la moto na bamba la baridi na kupima umeme unaohitajika ili bamba la moto libaki na joto lake. Tangu hapo namba za viwanda tofauti zinaweza kulinganishwa. Sponji ya kukunja ya Therm-a-Rest iitwayo Z Lite Sol ina R ya 2.0, wakati godoro la upepo la kampuni hiyohiyo, NeoAir XTherm NXT, lina R ya 7.3. La kwanza huuzwa kwa takriban robo ya bei ya la pili.

Msomaji atasema: basi la pili lina joto zaidi ya mara tatu, bei yake ni mara nne, tofauti ni ndogo, tununue. Hapa ndipo namba hizi zinapodanganya asiyezipigia hesabu. Mtu mzima aliyelala chali hugusa godoro kwa eneo tunaloweza kulikadiria kuwa mita 0.4 za mraba. Tuseme ngozi yake ina nyuzi 33 na ardhi ina nyuzi sifuri, hali isiyo ya ajabu katika kambi za juu alfajiri ya Julai. Godoro la R 2 litapitisha kama wati 37 za joto la mwili wake kwenda ardhini, la R 4 litapitisha kama wati 19, na la R 7 kama wati 11. Mwili wa mtu aliyelala huzalisha wati 70 hadi 80 tu, kwa hiyo kupoteza 37 kwa upande mmoja ni hasara kubwa kweli, hata tukikiri kwamba nguo na mfuko uliobanwa vitaipunguza kidogo. Lakini tazama tofauti. Kutoka R 2 hadi R 4 umeokoa wati 18. Kutoka R 4 hadi R 7, hatua ambayo ndiyo inayolipiwa fedha nyingi zaidi, umeokoa wati 8. Yapo magodoro yenye R ya karibu 4 yanayouzwa kwa nusu ya bei ya yale ya juu au pungufu, na kosa lake kubwa ni kwamba ni mazito na yanajaza nafasi zaidi kwenye begi.

Kama tofauti ya joto ni ndogo kiasi hicho, laki sita zinanunua nini? Zinanunua wepesi. Magodoro haya yalibuniwa kwa ajili ya watu wanaobeba kila kitu mgongoni kwa miezi, kama wanaotembea njia ya Pacific Crest Trail huko Marekani, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,200, ambako mtu hukata hata mpini wa mswaki ili apunguze gramu. Kwa mtu huyo, kupata R ya 7 ndani ya gramu 440, katika kifurushi kinacholingana na chupa ya maji ya lita moja, ni jambo la thamani, naye ndiye anayelilipia kwa magoti yake au kwa pochi yake. Kilimanjaro mambo ni tofauti. Godoro la mgeni hubebwa na mpagazi, na mpagazi amewekewa kikomo cha kilo 20 na hifadhi. Gramu 300 zinazookolewa na godoro ghali hazimfikii aliyelinunua. Na kwa mpagazi mwenyewe, mzigo ukipungua hapa huongezwa pale mpaka mizani ya getini isome kilo 20 zilezile. Kwa maneno mengine, mgeni analipia wepesi ambao hakuna mgongo utakaouona. Kinachowasumbua wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, ni ukubwa wa kifurushi zaidi ya uzito wake, kwa sababu sponji inayoning'inia nje ya begi hupepesuka kwa upepo na kulowa mvua, na kwa hilo godoro la upepo linastahili sifa.

Kuna pia swali la usiku ni mingapi na ni ya namna gani. Katika njia ya Machame, kambi ya kwanza iko mita 2,835, ambako baridi si ya kutisha, na kambi za Shira, Barranco na Karanga hazifiki mita 4,000 au zinaigusa tu. Kambi ya baridi kali ni Barafu, mita 4,673, na hapo mpandaji hulala kwa muda wa saa nne au tano tu, maana huamshwa saa tano usiku ili aanze safari ya kileleni. Anayekwenda kwa njia ya Marangu halali ndani ya hema kabisa. Hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, juu ya vitanda vyenye magodoro. Vivyo hivyo mlima Meru una vibanda vya Miriakamba na Saddle, na njia kadhaa za Mlima Kenya zina mabweni yenye vitanda. Nimemwona mtu amepanda Marangu na godoro lake jipya ndani ya begi, akalirudisha Moshi likiwa bado na kadi ya bei.

Upande wa pili una hoja ambayo wapenda sponji huipuuza, nayo si ya joto. Ni unene. Sponji ya sentimita mbili humtosha kijana anayelala chali, lakini mtu wa miaka 55 anayelala ubavu atahisi kila jiwe kwenye nyonga na bega, na atakuwa akigeuka usiku kucha. Godoro la upepo lenye unene wa zaidi ya sentimita saba humwinua juu ya mawe yote. Kwa watu wa namna hiyo ningewashauri walipe bila kunung'unika, ingawa unene huo hupatikana pia kwa magodoro ya bei ya kati. Ila wasitarajie muujiza. Usingizi wa juu ya mita 4,000 huharibiwa zaidi na upungufu wa oksijeni, ambao humfanya aliyelala apumue kwa haraka, asite, kisha ashtuke akitafuta pumzi, na pia na haja ndogo ya kila baada ya saa mbili, hasa kwa anayemeza Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko. Hakuna godoro linalotibu hayo.

Kisha kuna kutoboka. Miaka michache iliyopita nilikuwa Karanga na godoro zuri la kuazima, nikalijaza kwa mdomo, kosa la kwanza, kwa sababu kupuliza pumzi 20 katika mwinuko huo kunatia kizunguzungu na kuingiza unyevu ndani. Saa nne usiku nilihisi kiuno kimegusa kitu kigumu. Nilidhani ni hewa iliyosinyaa kwa baridi, jambo la kawaida, nikaongeza pumzi. Baada ya nusu saa nilikuwa chini tena, na safari hii nilisikia mlio mwembamba sana karibu na sikio, kama wa mbu. Kipande cha jiwe la volkano, kidogo kuliko punje ya mchele, kilikuwa kimepenya sakafu ya hema. Kutafuta tundu la namna hiyo huhitaji beseni la maji au povu la sabuni, na kiraka huhitaji sehemu kavu na gundi isiyoganda. Usiku ule sikuwa na hata kimoja. Mpishi wetu, aliyekuwa bado anaosha sufuria, alikuja na tochi, akaliangalia godoro lililolala kama ngozi ya ng'ombe inayoanikwa, akasema, "Kaka, hili limesinzia kabla yako." Akanipa vipande viwili vya sponji vilivyokuwa vimefungia kreti ya mayai. Nilivipanga chini ya mabega na makalio, nikapata usingizi wa kutosha kuamka na hasira.

Godoro la upepo likitoboka, R yake ya 7 inashuka hadi karibu sifuri. Sponji ikitoboka inabaki sponji. Viwanda hutoa dhamana ya miaka, ni kweli, lakini dhamana hiyo humtaka mteja apeleke godoro lilikotoka, na gharama ya kulituma kutoka Moshi au Mbeya na kulipokea tena inaweza kuila nusu ya faida.

Kwa sababu hiyo mimi huegemea mpango usiopendwa na wauzaji: sponji ya R 2 chini, na juu yake godoro la upepo la bei ya wastani lenye R ya 2 au 3. Namba za R hujumlishwa, kwa hiyo mtu hupata 4 au 5 kwa chini ya nusu ya gharama, sponji hukinga tundu, na la juu likitoboka bado kuna kitu chini ya mgongo. Mpango huu unatosha Barafu, unatosha Kitulo na Njombe wakati wa umande ulioganda wa Juni na Julai, na kwa Serengeti ni zaidi ya kinachohitajika. Mahali ambapo hautoshi ni kambi ya ndani ya kreta ya Kibo, juu ya mita 5,700, ambako pengine hema husimamishwa juu ya theluji. Anayelala huko ana sababu ya kutafuta R ya 7, kwa sababu pale hata wati 8 zina kazi.

Kundi ninaloliona likistahili godoro ghali kuliko wote ni lile lisilolinunua. Mgeni wa safari moja hulala usiku sita, na laki sita kwa usiku sita ni laki moja kwa kila usiku, bei ya chumba kizuri mjini. Kiongozi wa msafara anayepanda mara mbili kwa mwezi katika misimu yote miwili hulala mlimani usiku 80 au 100 kwa mwaka. Godoro likimdumu miaka mitatu, gharama yake haizidi sana shilingi 2,000 kwa usiku, na mgongo wake ndio mtaji wa kazi yake. Nao wapagazi, wanaolala wengi katika hema moja juu ya vipande vya sponji vilivyochakaa, wako katika hesabu hiyohiyo, isipokuwa kwamba hawana laki sita za kuanzia. Ikiwa mgeni tayari amelinunua la bei kali na halihitaji tena, kuliacha mikononi mwa mmoja wao kuna maana zaidi kuliko kulirudisha stoo ya nyumbani.

Magodoro mengine huishia kwenye mitumba, Memorial pale Moshi au kwingineko, na huuzwa kwa bei ya kutamanisha. Usilinunue likiwa limekunjwa. Lijaze, lilalie, uangalie kama katikati limefanya kitambi, ishara kwamba kuta za ndani zimeachia gundi na hakuna fundi wa kuzirudisha. Kama halina kitambi, mwombe muuzaji uliache limejaa mpaka kesho yake asubuhi, na kama atakataa, utakuwa umeshajua bei yake halisi.