Refa wa Kriketi Si wa Kushikia Watu Kofia

Juzi nikiwa hotelini pale Kondele, Kisumu, runinga ilikuwa kwenye kriketi, nadhani kwa sababu rimoti ilikuwa imepotea. Jamaa mmoja akamtazama refa, akauliza kwa sauti: "Huyu mzee kazi yake ni kushikia watu kofia, na analipwa?" Meza nzima ikacheka. Mimi chai ikanipalia.

Ndiyo, anashika kofia. Halafu? Hebu simama wewe nyuma ya vile vijiti. Mtupaji anakuja mbio ubavuni mwako. Uone mguu wake umekanyaga wapi, papo hapo uinue macho kwenye mpira unaokwenda kilomita 140 kwa saa. Umegusa gongo la mpigaji au pedi inayolinda mguu wake? Kama ni pedi, ulidundia wapi, na ungefika kwenye vijiti mguu usingekuwepo? Hiyo yote ni nusu sekunde, huku wachezaji wanakupigia mayowe. Na wasipodai kwamba mpigaji ametoka, hata ukijua ni kweli, unanyamaza. Kombe la Dunia la kriketi 2011, refa Aleem Dar wa Pakistan alipingwa kwa video mara 15. Mara zote 15 uamuzi wake ulisimama. Kofia, eti!

Halafu kuna Steve Bucknor. Mwalimu wa hesabu huko Jamaika, na refa wa soka wa FIFA juu yake. Hakuwahi kuichezea West Indies, timu ya pamoja ya nchi za Karibi, lakini alisimamia fainali 5 mfululizo za Kombe la Dunia, 1992 hadi 2007, na mechi 128 za Test, zile ndefu za siku hadi tano. Akidaiwa, alitulia kwanza, akaitikia kwa kichwa taratibu kama anayesahihisha jibu lako, ndipo kidole kikapanda: umetoka. Sawa, Sydney 2008 aliboronga mpaka akaondolewa mechi iliyofuata. Haya, nimekubali.

Mtaniambia kriketi yetu Kenya ilizikwa baada ya ile nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Kweli, timu imeporomoka. Lakini refa hahitaji timu ya kwao ishinde! Subhash Modi na David Odhiambo ni Wakenya, na wamesimamia mechi za kimataifa. Sisi huku kila mzazi anataka mtoto awe mwanasoka kama Olunga, basi.

Mwalimu wa hesabu unayesoma hii Kakamega, madaftari yamekujaa mezani: sheria za kriketi ni 42, na ziko mtandaoni bure. Anza na ile ya 36, ya mguu mbele ya wiketi, yaani vile vijiti. Ukishaielewa, njoo Kondele unisaidie kubishana.