Usiguse Skrubu Bado

Jumamosi iliyopita, kwenye klabu ya kulenga shabaha hapa Ujerumani, mzee mmoja wa Kijerumani alinishika mkono, na sikupenda. Mtu mzima hashikwi mkono mbele za watu kama mtoto anayedokoa mboga. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na bunduki yangu ya upepo, ya kwanza maishani, nimepiga risasi moja tu kwenye karatasi iliyo mita 10 mbele yangu. Tundu likatokea chini, upande wa kushoto, mbali na pale nilipolenga. Nikapeleka vidole kwenye kifundo cha darubini ya bunduki, ile skrubu ya kusogezea shabaha, ili nirekebishe. Hapo ndipo mkono wake ulipotua juu ya wangu.

"Bado," akasema. "Hujajua lolote. Piga tano nyingine, uniite."

Nikapiga tano nyingine nikiwa nimenuna. Zote tano zikakusanyika mahali pamoja, ungeweza kuzifunika kwa kidole gumba. Lile tundu la kwanza lilikuwa limebaki peke yake pembeni, halina ndugu. Bunduki ni mpya, mafuta ya kiwandani bado yanaungua ndani ya silinda na moshi mwembamba unatoka mdomoni mwa mtutu, kwa hiyo risasi zake za mwanzo huenda popote. Ningerekebisha darubini kwa kulifuata tundu lile, risasi ya pili ingenipeleka kwingine, nami ningeifuata pia, na hadi jioni ningekuwa nafukuza matundu.

Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na sababu si bunduki. Ni kwamba nimeona jambo la kwetu ambalo nimeliishi miaka yote bila kulijua: nyumbani tunageuza skrubu kwa tundu moja.

Najua majibu yameshaanza kuandikwa. "Huyu naye, kakaa Ulaya siku mbili anatufundisha." Nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Nianze na ununuzi, maana nao ulileta maneno. Hapa Ujerumani mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kununua bunduki ya upepo bila kibali, ilimradi nguvu yake isizidi joule 7.5 na iwe na alama ya herufi F ndani ya pembetano. Nyumbani kwako inakaa mahali panapofungwa kwa ufunguo. Njiani inakaa ndani ya begi lililofungwa kwa kufuli, haina risasi ndani. Nilipotuma picha kwenye kundi la familia, shangazi alipiga simu kabla sijaweka simu chini: "Mwanangu, unataka kupigana na nani?" Simlaumu. Sisi bunduki tumeijua mikononi mwa mlinzi wa benki, mwa askari, na mwa wale waliokuja usiku. Nilimweleza kwamba natoboa karatasi, na kwamba ni mchezo uliomo kwenye Olimpiki tangu mwaka 1984. Hakuridhika, na kwa sehemu yuko sahihi, maana hata hii ndogo inaweza kutoa jicho la mtu au kumuua. Navaa miwani ya kujikinga, kidole hakigusi kifyatulio mpaka nimelenga, na nyuma ya karatasi kuna sanduku la chuma la kunasia risasi.

Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Unataka kupiga nini?" Nikamjibu karatasi, na akaziondoa mezani nusu ya bunduki alizokuwa amezipanga. Akanibakishia ya springi, ile ambayo unakunja mtutu wenyewe ili kuikoki, maana haihitaji mtungi wa hewa wala pampu. Akanipa kipimo cha milimita 4.5 na kopo la risasi 500 zenye kichwa bapa, kwa sababu kichwa bapa kinakata karatasi tundu la mviringo safi, unaweza kulipima kwa rula. (Kiswahili chetu kimeshamaliza kazi hapa: risasi ni ya kupiga, na risasi ni madini, na hizi ni vyote viwili. Kwa hiyo baada ya kuzishika unanawa mikono kabla ya kugusa chakula.) Akanionya nisifyatue kamwe bila risasi ndani, kwa kuwa pistoni inakosa hewa ya kuizuia inajigonga mwisho wa silinda. Na nikiwa napakia, mkono mmoja usiuachie mtutu uliokunjwa. Ukiruka, unaondoka na vidole.

Sasa turudi klabuni. Mzee alipoona matundu yangu matano, hakugusa darubini hata yeye. Alianza kwa kukaza skrubu za kitako, zilikuwa zimelegea. Kisha akaniambia niache kuibana bunduki. Springi inapofyatuka, bunduki inaruka nyuma halafu mbele, na yote hayo yanatokea wakati risasi ingali ndani ya mtutu, kwa hiyo ukiibana leo hivi na kesho vile, kila siku inapiga kwingine. Nikailaza juu ya kiganja kilichofunguka, nikaiegemeza begani bila kuivuta. Nikapiga tano tena. Kundi la matundu likawa dogo zaidi, lakini bado lilikuwa chini.

Ndipo akatoa rula. Katikati ya kundi palikuwa milimita 20 chini ya shabaha, na milimita 7 kushoto. Kifundo cha darubini yangu kinazunguka kwa hatua ndogo zinazolia tik, na kila hatua inasogeza tundu kama milimita 7 ukiwa umbali wa mita 100. Kwa mita 10 ni sehemu ya kumi ya hapo, yaani 0.7. Hesabu ikaja hatua kama 28 juu na 10 kulia. Mimi peke yangu ningegeuza hatua tatu, nione tundu halijasogea, niseme darubini ni feki na muuzaji ni mwizi. Nawaapia ningesema hivyo.

Nikageuza 28 na 10 nikihesabu kwa sauti. Nikapiga tano. Zikatua katikati.

Basi niambieni, ni wapi kwetu tunapiga tano kabla ya kugeuza? Kocha anafungwa mechi mbili, anafukuzwa. Anakuja mwingine na mfumo mwingine na wachezaji wengine, akifungwa mbili naye anaondoka, halafu tunakaa vijiweni kujadili kwa nini timu haina muunganiko. Mtaala wa shule unabadilishwa kabla watoto wa mtaala uliotangulia hawajamaliza hata mzunguko mmoja. Mkuu anahamishwa, anayekuja anafuta alichokikuta bila kuuliza kama kilikuwa kinafanya kazi. Tunageuza vifundo vitatu kwa mpigo, na mambo yakitengemaa hatujui ni kipi kilichosaidia, yakiharibika hatujui ni kipi kilichoharibu.

Niliyasema haya kwa kaka yangu, na ndiye aliyenifunga mdomo. Yeye ni fundi wa magari, nami nilikuwa nimemtaja moyoni muda wote ule, maana nimemwona akibadilisha plagi, chujio na pampu ya mafuta kwa pamoja, gari likawaka, basi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Dogo, wewe una kopo la risasi 500. Mimi nina moja. Mteja amesimama mlangoni, gari ni la kukodi, lisipowaka leo watoto wake hawali. Nikibadilisha plagi peke yake halafu nimwambie twende tukalijaribu, turudi, tubadilishe chujio, tulijaribu tena, ataondoka kwa fundi wa pili."

Sikuwa na jibu, na sikulitafuta, kwa sababu amesema kweli. Subira yangu hapa imelipiwa. Risasi ni za kumwaga, Jumamosi ni yangu yote, hakuna anayenisimamia. Kaka yangu anapiga risasi moja kwa sababu amepewa moja, na kwa hiyo moja anapata kuliko mafundi wengi wa huku ambao bila kompyuta hawajui waanzie wapi. Fundi yule namvulia kofia, na kosa langu la kumtaja moyoni nimemwomba radhi.

Lakini wenye makopo ya 500 je? Wenye bajeti, wenye miaka mitano, wenye wataalamu waliosomeshwa kwa kodi zetu? Hao nani amesimama mlangoni kwao? Hao wanapiga moja kwa hiari yao, wanageuza, na wanatuambia tundu limesogea. Hasira yangu yote iko hapo, wala sitaipunguza ili nionekane mnyenyekevu.

"Umekuwa mzungu." Hapana. Nani kati yetu hakuwahi kushika manati? Unakumbuka tulivyokuwa tunaokota mawe? Hatukuokota tu. Tulikaa chini tukachambua: ya mviringo huku, yenye pembe tupa, makubwa mfuko huu, madogo mfuko ule. Jiwe la pembe tulijua linapinda hewani. Ulipokosa embe ukiwa na jiwe jipya, hukukata mpira wa manati, ulirusha jingine la aina ileile uone. Hakuna Mjerumani aliyetufundisha hayo. Mzee wa klabuni alipoanza kunieleza kwamba kila bunduki ina aina ya risasi inayoipenda, na kwamba inabidi ujaribu makopo kadhaa huku mengine yote ukiyaacha yalivyo, nilimwambia hilo nalijua tangu nina miaka minane. Akafurahi sana, akaniuliza manati ni nini, nikamchorea nyuma ya karatasi yangu yenye matundu. Ameondoka nayo.

Kwa hiyo anayeniambia nimejifunza kudharau kwetu, amenikosea. Ninachouliza ni nani alitupokonya tabia ile tulipokua, na kwa nini mtoto wa miaka minane anachambua mawe, halafu akipewa ofisi anapiga mara moja na kugeuza kila kitu.

Jumamosi ijayo nina kopo la aina ya pili, zenye uzito tofauti kidogo. Nitakaa benchi lilelile, mita 10 zilezile, kiganja vilevile. Kaka ameniambia nimtumie picha za karatasi zote mbili bila kuandika ipi ni ipi, yeye atachagua. Darubini siigusi.