Ofa ya Siku, Maumivu ya Mwaka

Naomba niulize, maana swali likikaa sana kifuani linageuka kiungulia: kampuni ya habari, yenye gazeti, redio na tovuti, nani aliiroga hata ikaanza kuuza kuponi za masaji?

Mchawi anajulikana. Ni Groupon, kampuni ya Marekani inayouza kuponi za punguzo mtandaoni. Ilianza Novemba 2008 huko Chicago kwa pizza mbili kwa bei ya moja, na kabla 2010 haijaisha ikakataa Google kuinunua kwa karibu dola bilioni 6. Bilioni sita, wakasema hapana asante! Mkurugenzi wa gazeti kaisoma habari hiyo kwenye gazeti lake mwenyewe, ukurasa ambao zamani ulijaa matangazo na sasa umebaki na picha kubwa ya machweo, na usingizi ukamruka. Wasomaji si tunao? Nafasi ya kutangaza si tunayo bure? Vijana wa mauzo si wanajua kila duka? Basi twende! Mwaka 2011 New York Times nao walijaribu, Google wakaanzisha ya kwao, Facebook wakaingia Aprili na kufikia Agosti wakatangaza kwamba wanafunga. Facebook, jamani, wenye watu kuliko mchanga. Mkurugenzi akasema sisi ni tofauti, sisi tunaaminika.

Haya, tupige hesabu, kwa sababu kwenye kile kikao hakuna aliyeipiga.

Huduma ya saluni bei yake 100. Ofa inasema nusu bei, kwa hiyo mteja analipa 50. Kampuni inakata nusu yake, 25. Mwenye saluni anabaki na 25 kwa kazi ya 100. Dawa, taulo, umeme na ujira wa mfanyakazi, tuseme vinakula 40. Maana yake kila mteja anayeingia akitabasamu, mwenye saluni anachomoa 15 mfukoni kumlipia atabasamu vizuri. Anaambiwa asijali, watarudi kwa bei kamili. Thubutu! Watarudi, ndiyo, lakini kwenye ofa ya saluni ya jirani. Mwaka 2010 Utpal Dholakia wa Chuo Kikuu cha Rice aliuliza biashara 150 zilizopitia Groupon: 66 katika kila 100 zilisema zimepata faida, 32 zilisema hazikupata, na zaidi ya 40 zikasema hazirudii tena. Sasa wewe biashara yako inataka ofa mpya kila asubuhi, na katika kila wenye maduka kumi, wanne wakikuona unakuja wanazima taa.

Kampuni nayo isijidai imekula 25 nzima. Toa ada ya kadi, asilimia 3 ya 50, yaani 1.5. Toa kamisheni ya kijana wa mauzo, asilimia 10 ya fungu la kampuni, 2.5. Imebaki 21, na bado hujalipa mpiga picha, mwandishi wa maneno matamu, wala dada wa simu anayetukanwa kutwa. Akija mteja kudai fedha zake baada ya mwenye duka kulipwa, unarudisha 50 kamili: ile 21 imekwenda, na 29 nyingine zinatoka kwako. Inabidi uuze karibu kuponi moja na nusu zaidi ili tu urudi sifuri.

Na kwa nini mteja adai fedha? Kwa sababu hakuna aliyeweka kikomo! Saluni ina viti vitatu, kila kiti kinahudumia watu sita kwa siku, jumla 18. Kwa siku 26 za kazi ni 468 kwa mwezi. Mwenye akili angetenga robo tu kwa wenye kuponi, 117, wanaolipa bei kamili wasije wakakosa pa kukaa. Kuponi ni ya miezi mitatu, basi usiuze zaidi ya 350. Lakini kijana wa mauzo analipwa kwa idadi, kwa hiyo kauza 2,000. Gawanya mwenyewe: ni miezi 17 ya foleni ndani ya kuponi ya miezi mitatu. Tena hawaji kwa mpangilio. Miezi miwili ya kwanza wananyamaza, kisha wiki ya mwisho wanafika wote Jumamosi. Huko Reading, Uingereza, mwaka 2011 duka moja la keki lilitoa punguzo la asilimia 75 bila kikomo, wakanunua watu 8,500, likajikuta linadaiwa keki ndogo 102,000, na kila dazeni ikitoka kwa hasara. Oka sasa.

Pale mapokezi kuna daftari. Namba za kuponi zinatakiwa zikaguliwe kwenye mfumo, lakini nywila aliichukua mfanyakazi aliyeacha kazi, kwa hiyo wanaweka tiki kwa kalamu. Kuponi moja imechapishwa mara tatu: mama, shangazi na wifi, wote wamesukwa. Mwisho wa mwezi daftari linasema 612, mfumo unasema 580, na mwenye saluni anapiga simu kudai tofauti kwa sauti ya mtu aliyekaribia kulia.

Ila kinachoniudhi kuliko yote kiko ndani ya jengo lenyewe. Saluni hiyo ilikuwa inalipia tangazo gazetini kila wiki, fedha taslimu, kabla halijachapwa. Sasa inaambiwa kuna ofa, hulipi kitu, tunagawana kinachouzwa. Nani atalipia tangazo tena? Dawati la matangazo limenuna, dawati la ofa linashangilia, na wote wanapokea mshahara kwenye sanduku moja ambalo limepungua. Chumba cha habari nacho kikatoa uchunguzi kuhusu jiko chafu la mgahawa fulani, na pembeni ya habari hiyo hiyo, kwa rangi nyekundu: chakula cha jioni cha watu wawili, nusu bei, harakisha!

Baruapepe ndiyo usiseme. Jana masaji, leo masaji, kesho masaji ya miguu. Mzee mwenye upara anatumiwa punguzo la kusuka nywele. Angejiondoa, lakini kiungo cha kujiondoa kimeandikwa kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, basi anabonyeza "taka". Wakibonyeza wengi, anwani inayotuma inapoteza sifa mbele ya watoa huduma za baruapepe. Na kwa kuwa ofa zilitumwa kwa anwani ile ile ya habari, sasa hata muhtasari wa habari za asubuhi unaangukia kwenye taka. Kutenga anwani ya ofa peke yake ilikuwa kazi ya mchana mmoja.

Mhasibu ukimuuliza mapato, anaonyesha 50 zote kana kwamba ni za kampuni. Tusimlaumu sana, Groupon wenyewe walifanya hivyo, mpaka walipokaguliwa kabla ya kuuza hisa mwaka 2011. Mapato yao ya 2010 yakashuka kutoka dola milioni 713 hadi milioni 313, baada ya kutoa fungu la wenye maduka. Walikuwa pia na kipimo chao cha faida kisichohesabu gharama za kutafuta wateja. Kwa kipimo hicho hata mimi ni tajiri, ukiondoa kodi ya nyumba na chakula.

Zimebaki zile kuponi ambazo wenyewe hawakuzitumia. Mkurugenzi anazipenda hizo, anaziita faida safi. Fedha zake zimeshalipa mishahara. Halafu anatokea mama mmoja na karatasi iliyopitwa na wakati miezi minane, kaikunja vizuri ndani ya pochi, anasema punguzo sawa limekwisha, lakini 50 niliyolipa nipeni. Na masharti ya nyuma ya kuponi, waliyonakili kutoka kwa wengine bila kuyasoma, yanasema ana haki.