Ukuta wa bahari: zege linazeeka, ufukwe unazeeka zaidi

Nenda Kunduchi au Mbezi Beach, Dar es Salaam, siku ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakiwa yamekupwa, utembee bahari ikiwa upande mmoja na kuta za watu upande wa pili. Utakutana na ngazi zilizojengwa ili mwenye nyumba ashukie mchangani, na kwenye baadhi yake kidato cha mwisho kinaning'inia hewani. Zege ni zima. Mchanga ndio umeondoka.

Naanza na ngazi hizo kwa sababu kila anayejenga kando ya bahari huuliza swali lilelile: ukuta huu utakaa miaka mingapi? Kwa hesabu za kawaida za wahandisi, ukuta wa zege na nondo uliosanifiwa kwa ajili ya maji ya chumvi hutarajiwa kukaa miaka 30 hadi 50. Gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, vinaweza kukatika waya kabla hata miaka 10 haijatimia. Mawe makubwa yaliyopangwa kwa mteremko hayashiki kutu. Mawimbi yakiyasogeza, yanarudishwa na maisha yanaendelea. Sina ugomvi na tarakimu hizo. Shida yake ni kwamba zinapima umri wa zege peke yake, na zege lina mwenzake wanayezeeka naye: ardhi liliyosimamia. Kwa ninavyoona, kuta nyingi huuawa na huyo mwenzake.

Hata hivyo tuanze na zege, maana hapo mwenye nyumba ana la kufanya. Chumvi hupenya taratibu ikitafuta nondo. Ikishafika, nondo inashika kutu, na kutu hiyo inahitaji nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa. Zege halina pa kutanukia, kwa hiyo linapasuka kutoka ndani na kubambuka. Sehemu iliyozama muda wote haiharibiki upesi kwa sababu oksijeni huko ni haba. Balaa liko kwenye mkanda unaolowa na kukauka, na kwetu mkanda huo ni mpana kweli: Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukuta wa nyumba ya kawaida karibu wote unaingia humo.

Kinga ya bei rahisi kuliko zote ni unene wa zege linalofunika nondo. Ukiongeza unene huo kutoka sentimita 2.5 hadi 5, muda wa chumvi kufika kwenye chuma hukua karibu mara 4, wala si mara 2. Ndiyo maana kwenye maji ya chumvi nondo hulazwa sentimita 5 hadi 7.5 ndani. Maji ya kuchanganyia nayo yawe machache, kiasi cha kilo 40 hadi 45 kwa kila kilo 100 za saruji, na zege limwagiliwe maji yasiyo na chumvi kwa wiki nzima au zaidi. Fundi anayeongeza ndoo moja ili mchanganyiko uteleze vizuri kwenye karai anakupunguzia miaka ambayo hutaiona ikipungua. Mbaya zaidi ni mchanga uliochotwa ufukweni na kumwagwa kwenye mchanganyiko bila kuoshwa. Hapo chumvi haina safari ya kufanya, imo ndani tangu siku ya kwanza.

Sasa tuseme yote hayo yamefanywa sawasawa. Umepata zege la miaka 50. Wimbi linalofika kwenye ufukwe wenye mteremko hupanda, huchoka na kushuka. Linalopiga ukuta wima halina pa kuchokea. Linarudi na nguvu zake, na linaporudi linachimba mchanga ulio mguuni mwa ukuta. Mwaka hadi mwaka mguu unavuliwa nguo. Kama msingi uliishia mita 1 chini ya mchanga wa siku ile, siku moja hakuna kitu chini yake, na ukuta mzima kabisa unalala kifudifudi baharini.

Nyuma ya ukuta nako kuna maji. Miezi ya Machi na Aprili huleta bamvua kubwa, masika yanaanza, na kusi, ule upepo wa kutoka kusini, iko njiani. Udongo wa bustani unalewa mvua, bahari inakupwa kwa kasi, na maji yaliyonaswa nyuma yanausukuma ukuta kuelekea baharini wakati ambapo mbele hakuna kinachousukuma kurudi. Matundu ya kutolea maji, yenye kokoto na kitambaa cha kuchujia nyuma yake ili udongo usitoke, ni kazi ya pesa ndogo. Yakikosekana au yakizibwa na mwenye nyumba asiyependa kuona madoa kwenye rangi, hesabu ya miaka 50 inafutika.

Historia ya pwani yetu inasema hivyohivyo. Ngome ya Yesu, Mombasa, Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 bila nondo hata moja. Kuta zake zimepita miaka 400, lakini mwamba wa matumbawe uliozibeba ukawa unaliwa na mawimbi, hadi Kenya ikalazimika miaka ya karibuni kujenga ukuta mpya baharini wa kulinda ukuta wa zamani. Kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani bahari imelamba sehemu ya Gereza, ngome ya kale ya kisiwa hicho, na mmomonyoko ulikuwa miongoni mwa sababu za UNESCO kuiweka Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, hadi ikaondolewa mwaka 2014. Mawe na chokaa havikuzeeka kwa kutu. Vilipokwa pa kusimama.

Wanaotetea kuta wana hoja nzito, na sipendi jinsi zinavyopuuzwa na watu wanaokaa mbali na maji. Mtu aliyejenga akiwa na ufukwe mpana mbele yake, leo povu linafika kwenye uzio. Kumwambia ahame ni kumwambia aache kila alichonacho, maana hakuna atakayenunua. Serikali yenyewe imejenga: kuta za Barabara ya Obama, ile ya zamani ya Ocean Road, na ya Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kigamboni, zilizinduliwa mwaka 2018. Kama barabara inastahili kulindwa, kwa nini si nyumba?

Jibu la wapinzani huanzia kwa jirani. Kwenye ufukwe wa kaskazini mwa Dar, kusi husukuma mchanga kuelekea kaskazini, na ukuta wa mmoja hupunguza mchanga ambao ungemfikia anayefuata. Naye anajenga. Anayefuata anajenga. Wavuvi wanakosa pa kuvutia ngalawa, na njia ya mpita pwani inabaki ya saa chache kwa siku. Kuna kejeli nyingine hapo: mito ya Tegeta, Mbezi na Mpiji ndiyo iliyokuwa ikiulisha ufukwe huu, na kwa miaka mingi mchanga wake umechimbwa kwa ajili ya ujenzi wa jiji. Huenda ndani ya ukuta wako kuna mchanga ambao ungekuwa ufukwe wako.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka baharini. Ni kanuni nzuri kwa kiwanja kitupu. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa haisaidii sana, kwa sababu bahari yenyewe haijakubali kusimama pale ilipopimwa. Usawa wa bahari duniani sasa unapanda karibu milimita 4 kwa mwaka. Ukuta wa miaka 50 utamaliza umri wake ukiwa mfupi kwa sentimita 20 kuliko ulipozaliwa, hata kama haujapasuka popote.

Mimi nimeegemea wapi? Ukuta wa kiwanja kimoja, wima, wenye majirani wasio na ukuta pande zote mbili, ni biashara mbovu hata ukijengwa kwa ustadi wote, kwa sababu bahari itazunguka kwenye ncha na kuingia kwa nyuma. Majirani kumi wakichanga pamoja kwa mteremko wa mawe makubwa, uliozama vya kutosha mguuni na kukaguliwa kila baada ya kusi, wana nafasi ya kweli ya kufikia miaka 30 na zaidi. Mikoko ni bora panapokuwa na tope na maji tulivu. Kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi waziwazi haishiki, na kuihubiri huko ni kuwadanganya watu.

Na kwa anayetaka kununua nyumba ambayo ukuta wake upo tayari, asiangalie rangi. Aje siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, na koleo mkononi. Achimbe mguuni. Akifika kwenye kitako cha ukuta kabla jasho halijamtoka, apunguze bei ya nyumba. Akikiona kitako bila kuchimba, arudishe koleo kwenye gari.